Vernelle Aanza na Swali la Tatu

Cleon Speight alilipita kanisa lile lile la matofali mekundu mara ya tatu ndipo akakubali moyoni kwamba amepotea. Kwa kinywa hakukubali. Alikuwa ametumikia jeshi la majini tangu ujana hadi mvi za kwanza, akaijua dunia kwa bandari zake: aliweza kuagiza samaki kwa Kijapani, kuomba radhi kwa Kiitaliano, na kukataa nauli ya teksi kwa Kiarabu cha Bahrain. Lakini mji huu mdogo wa chuo, saa mbili tu kwa pikapu kutoka kwao mashariki ya Karolina ya Kaskazini, hakuwahi kuutia mguu.

"Kata kulia," akasema Vernelle Pettiford, aliyeketi kando yake na mfuko wa taulo mapajani.

"Unajuaje, na wewe hujafika hapa?"

"Kuna mshale, Cleon. Mkubwa kuliko mlango wa basi lako."

Mshale ulikuwapo. Cleon akakata kulia kama mtu aliyekusudia hivyo tangu asubuhi.

Kichekesho ni kwamba Vernelle alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Whitlow kwa mwaka wa sita sasa. Kitambulisho alikuwa nacho, chenye picha aliyopigiwa jikoni kwake, lakini majengo yenyewe ndiyo kwanza anayaona. Akayatazama kwa jicho la mtu aliyeolewa kwa barua na sasa anashushwa kituoni kumwona mume.

"Ni madogo," akasema.

"Na wao watasema hivyo hivyo wakikuona."

Shahada yake aliijenga kwa mitihani, mtihani mmoja mmoja, bila kuketi darasani hata siku moja. Na aliyemtia katika njia hiyo alikuwa Cleon mwenyewe. Mwaka alioacha jeshi na kuajiriwa kuendesha basi la shule, alimkuta Vernelle katika chumba cha madereva, karata mkononi, akilalamika. Siku ya dereva wa basi la shule ina tundu katikati. Ukishawafikisha watoto asubuhi huna kazi mpaka kengele ya kutoka, na tundu hilo madereva wa pale hulijaza kwa mchezo wa shupaza, wawili dhidi ya wawili, kwa maneno makali na chai baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Vernelle alikuwa akisema kwamba tangu utoto alitaka kuwa mwalimu wa chekechea. Angekwisha kuwa, alisema, kama vyuo visingetaka asubuhi za watu, maana asubuhi zake yeye zote zina magurudumu.

"Nani kakwambia lazima ukae darasani?" Cleon akauliza, akitupa shupaza juu ya meza. "Sisi jeshini tulifanya mitihani tu. Unajisomea kitandani, meli ikitia nanga unakwenda chumba cha mitihani, unabofya majibu kwenye kompyuta. Ukifaulu, chuo kinakuhesabia krediti sawasawa na yule aliyesinzia darasani muhula mzima."

"Na wewe ulifanya mingapi?"

"Mitatu."

"Halafu?"

"Halafu tukafika Napoli."

Meza nzima ilicheka, na Vernelle alicheka kuliko wote. Lakini juma lililofuata kiti chake cha karata kilikuwa kitupu. Alikuwa ndani ya basi lake, limeegeshwa chini ya misonobari, miguu juu ya usukani, akisoma historia ya nchi yake mwenyewe na kuguna.

Ilikuwa hivyo miaka yote. Historia, baolojia, saikolojia, fasihi. Hesabu zilimwangusha mara moja. Akangoja miezi mitatu kama sheria inavyotaka, akarudi akazipita. Akawa mwenyeji wa chumba cha mitihani cha wilaya, akajua kugeuza mifuko nje kabla hajaambiwa, kuvua saa, kusukuma nywele nyuma ili msimamizi aone masikio. Akajua pia hila za kazi, na hizo aliwafundisha madereva wenzake kama mahubiri, watake wasitake. Soma swali mara mbili. Katika majibu manne mawili ni ya kipumbavu, yaondoe kwanza. Na swali gumu usipigane nalo mlangoni. Liache, anza na unalolijua, utalirudia ukiwa umeshapata joto.

Kisha, majira ya kuchipua mwaka huu, karani wa masjala ya Whitlow akapiga simu. Alikuwa na habari njema na nyingine. Njema ni kwamba krediti zote zimetimia. Ile nyingine ni kwamba Whitlow kina sheria ya zamani, ambayo watu husema ilitokana na mwanzilishi wake kufiwa na mwana mtoni: hakuna atokaye na shahada bila kujua kuogelea.

"Wengi huchukua darasa, mama," karani alisema. "Muhula mmoja tu. Wanalifurahia."

"Siku gani?"

"Jumanne na Alhamisi, asubuhi."

"Hakuna mtihani wa kulikwepa?"

"Upo."

"Basi niandikishe mtihani," Vernelle akasema, kwa mazoea. Alikuwa amekwisha kuweka simu chini alipokumbuka kwamba hajapata kuingiza kichwa majini maishani mwake, isipokuwa siku ya ubatizo, na hata siku hiyo mchungaji alikuwa amemshika kwa mikono miwili.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kwao alikuwa amemwekea nafasi ya chekechea, mradi shahada iwe mkononi kabla ya shule kufunguliwa Agosti. Zaidi ya hapo hakuweza kumngoja. Muhula wa kiangazi ukifungwa bila jina la Vernelle, nafasi ingekwenda kwa mwingine, naye angerudi kwenye usukani kungoja nyingine ambayo huenda isije.

Kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa nchi ya mito, hajui kuogelea, hilo pale kwao halikuhitaji kuulizwa. Mji wao ulikuwa na bwawa zuri la kuogelea. Mahakama iliposema kwamba watu wote waliingie pamoja, weupe na weusi, wakubwa wa mji waliona heri wasiogelee wao wenyewe, wakalijaza udongo. Sasa ni mahali pa kuegesha magari ya maktaba. Mama yake Vernelle, Bi Ardelia, aliwakuza watoto wake kwa amri moja kuhusu maji: yanywe, yaoge, yapikie, mengine yaache.

Kwa hiyo Vernelle akalikabili swali hili kama alivyoyakabili mengine. Akaazima vitabu.

Mwezi wa Juni, Cleon aliingia chumba cha madereva akamkuta amelala kifudifudi juu ya benchi, kitabu wazi sakafuni, akikata hewa kwa mikono kama feni iliyolegea.

"Dada Pettiford," Cleon akasema. Walikuwa wa kanisa moja. "Nimwite mchungaji au daktari?"

"Nyamaza. Niko sura ya nne. Pumzi."

"Umeshaingia majini?"

"Sijafika sura hiyo."

Cleon akavuta kiti. "Vernelle, nisikilize. Maji hayana majibu manne. Yana mawili."

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi ya likizo pikapu ya Cleon iliwapeleka kwenye bwawa la mji wa jirani, saa ambayo lilikuwa mali ya wanawake wazee wanaofanya mazoezi ya viungo humo ndani, na maua ya plastiki kwenye kofia zao. Siku ya kwanza Vernelle alishuka ngazi hadi maji yakamfika kifuani, akafumba macho, akaanza kukariri kwa sauti kwa nini mwili wa binadamu huelea. Alikuwa bado anaeleza alipozama.

Akaibuka akikohoa. "Kitabu hakikusema yataingia puani."

"Kitabu hakina pua."

"Usinitanie, Cleon, nitakupiga kofi."

"Itabidi uogelee mpaka nilipo."

Wazee wale walipenda mazungumzo hayo kuliko mazoezi yao. Wakawa wanamshangilia, wakamletea keki ya nazi siku alipoelea chali kwa mara ya kwanza, naye akaelea vizuri ajabu, mpana na mtulivu, kama mlango uliong'olewa na mafuriko. Kufikia katikati ya Julai alikuwa anavuka bwawa kwa mtindo ambao Cleon, pamoja na bandari zake zote, hakuwahi kuuona popote. Lakini kitu kimoja alikataa. Kila siku aliingia kwa ngazi. Kuruka hakuruka.

"Mtihani unataka uruke upande wa kina," Cleon alimkumbusha.

"Nitaruka siku ya mtihani."

"Kwa nini siku hiyo na si leo?"

"Kwa sababu siku hiyo itanibidi."

Siku hiyo ilikuwa hii. Kesho yake masjala ilikuwa inafunga muhula.

Jengo la bwawa la Whitlow lilikuwa na joto na harufu ya klorini, na kila neno lilirudi kutoka darini mara mbili. Kocha Tolliver, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni na mkate wa nyama ulioliwa nusu mkononi, aliwapokea bila maneno mengi. Akamwonyesha Cleon benchi.

"Wewe ni nani wake?"

"Mwalimu wake," Cleon akasema.

"Basi kazi yako imekwisha. Huu ni mtihani. Ukisema neno moja, naufuta."

Vernelle alisikia hilo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Cleon Speight kunyamaza: hilo nalo lilikuwa la kutazamwa.

Akatoka chumba cha kubadilishia nguo na kofia mbili za mpira, moja juu ya nyingine, kwa sababu Jumamosi amenyoosha nywele kwa kitana cha moto na Jumapili ana kwaya. Kocha akasoma masharti. Kwanza, kuruka upande wa kina. Pili, kwenda mpaka mwisho wa bwawa na kurudi, kwa mtindo wowote, bila kugusa kamba wala ukuta wa pembeni. Tatu, kukaa juu ya maji dakika tano, upande ule ule wa kina.

Vernelle akatembea mpaka ukingoni, akatazama chini. Maji yalikuwa safi mno. Mtu aliweza kuona jinsi chini kulivyo mbali. Cleon aliuona mgongo wake ukikaza. Alikuwa ameuona mgongo kama huo kwa mabaharia wapya, na alijua kwamba anayekaza hivyo haruki majini. Anarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kisha anakwenda kuvaa viatu. Cleon akaliuma taulo asije akasema neno.

Vernelle akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani, Kocha," akasema. "Naomba kuuliza kuhusu maagizo."

"Uliza."

"Ni lazima nianze na la kwanza?"

Kocha Tolliver akaacha kutafuna. "Unasemaje?"

"Kwenye mitihani mingine naruhusiwa kuliacha swali nikalirudia. Hapa je?"

Kocha akatazama dari, akatazama maji, akatazama mkate wake. "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza," akasema. "Sheria inasema uyafanye matatu mbele yangu. Mpangilio haikutaja."

"Basi nitaanza na la tatu."

Akaiendea ngazi ya chuma ya upande wa kina, akashuka ngazi moja moja, akalaza kichwa nyuma, akaachia. Mara moja akawa yule wa bwawa la jirani, mlango juu ya mafuriko. Masikio yalikuwa majini, macho darini, na midomo ilicheza kidogo. Cleon hakuhitaji kusikia ili ajue ni wimbo gani. Waliuimba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Vernelle daima aliuvuta polepole mno. Leo uvute, akamwambia moyoni. Uvute upendavyo.

Filimbi ikalia. Vernelle akapanda ngazi, maji yakimchuruzika, akasimama tena pale pale ukingoni. Hilo lilikuwa limekwisha. Sasa swali la kwanza lilikuwa linamngoja, na halikuwa limeondoka.

Alisimama muda mrefu. Kocha akaitazama saa ya ukutani, si kwa ubaya, lakini aliitazama.

"Mama, ni maji yale yale," akasema.

Vernelle akainamisha kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo analolifahamu lakini alikuwa amelisahau jina. "Kweli," akajibu polepole. "Nimetoka huko sasa hivi."

Akabana pua kwa vidole viwili, akaruka.

Haukuwa mruko wa kupigwa picha. Lilikuwa gunia la viazi likishushwa na mtu mwenye haraka, na maji yalifika mpaka kwenye viatu vya Cleon. Kisha uso wa bwawa ukajifunga. Kofia moja ikaibuka. Ikaibuka ya pili. Halafu, baada ya muda ambao Cleon hakuupenda, akaibuka Vernelle mwenyewe, kichwa wazi, nywele za Jumamosi zote zimekwenda na maji, akaanza safari.

Kwenda alikwenda vizuri. Akagusa mwisho, akageuka, na ni katika kurudi ndipo pumzi ilipomwishia. Mikono ikaanza kupiga bila mpango. Akapinda kushoto, kuelekea kamba. Mkono mmoja ukapita juu ya kamba kwa upana wa kiganja, na Cleon akajikuta amesimama, kinywa wazi. Kocha, bila kugeuka, akamnyooshea kidole. Cleon akafunga kinywa, akaketi.

Jambo alilotaka kulipigia kelele lilikuwa neno moja tu, chali, na Vernelle akalipata mwenyewe. Aligeuka. Akalala juu ya maji kifua kikipanda na kushuka, akatulia hapo katikati ya bwawa kama mtu mwenye mchana mzima. Kisha akaanza kupiga miguu kidogo kidogo, akija kinyumenyume, kichwa mbele, mpaka kichwa hicho kikagonga vigae.

"Nimegusa," akasema kwa hofu. "Nimegusa ukuta."

"Huo ni ukuta wa mwisho, mama," Kocha Tolliver akasema. "Huo ndio tunaoutaka uguswe." Akamalizia mkate wake, akatia saini. "Unaweza kusema sasa," akamwambia Cleon.

Cleon alikuwa na maneno ya miezi miwili kifuani. Akayatafuta yote. "Kofia zako ziko kule," akasema.

Walirudi wakila nguruwe wa kuchoma mwenye siki, vidole vikinata kwenye usukani. Bi Ardelia alikuwa barazani akimenya kunde. Aliambiwa tu kwamba binti yake amekwenda kufanya mtihani, na hilo halikuwa uongo. Akamtazama Vernelle akishuka kwenye pikapu na nywele zilizosimama kila upande.

"Mtihani gani unalowesha kichwa?"

Vernelle akamweleza, akiwa amesimama chini ya ngazi za baraza kama alivyosimama utotoni akivunja kitu. Bi Ardelia hakuacha kumenya.

"Kilikuwa kirefu, hicho kina?"

"Kimenizidi kimo, Mama."

"Na chini kuna nini?"

"Vigae. Vya buluu."

Kunde kadhaa zikaanguka bakulini. "Bwawa la kwetu lilikuwa na vigae vya kijani," Bi Ardelia akasema. "Niliviona nikiwa nje ya ua." Akaweka bakuli chini. "Njoo nikukaushe hizo nywele kabla hujaanza kukohoa. Na wewe Cleon, ingia, usisimame hapo kama mdai. Mnanuka dawa ya choo, nyote wawili."

Asubuhi ya kwanza ya shule, mwishoni mwa Agosti, basi la Cleon lilisimama mbele ya shule ya msingi, akavuta mkono wa mlango. Walimu walikuwa wamepangwa kando ya njia kupokea watoto. Vernelle alikuwa kwenye mlango wa basi lake, amevaa gauni la njano, nywele zimelala kama hariri.

"Karibu ndani, Dada Pettiford. Kiti chako bado kina joto."

"Dereva, tafadhali usizungumze na walimu."

"Leo nani atakuwa mwenzangu wa karata?"

"Tafuta asiyejua tabia zako." Alikuwa tayari anahesabu vichwa vinavyoshuka. "Na ile mitihani yako mitatu, Cleon? Bado iko Napoli?"

"Haijaniandikia."

Mtoto mmoja wa kike alibaki kwenye ngazi ya juu ya basi, begi kubwa kuliko yeye, akiutazama umbali wa kutoka ngazi ile mpaka ardhini. Wenzake wakamsukuma kwa nyuma. Hakusogea. Vernelle akampa mkono, hakumvuta.

"Leo shuka ngazi moja moja," akamwambia. "Kuruka utaruka kesho."

Mtoto akaketi, akateleza kwa makalio ngazi hadi ngazi, akafika chini akiwa ameridhika kabisa. Vernelle akawapanga mstari, mkono kwa mkono, akawaongoza kwenye njia ya saruji kuelekea mlango wa shule. Hakugeuka nyuma, maana mwalimu mpya ana vichwa vingi vya kuangalia. Cleon alibaki kwenye kiti chake, basi tupu nyuma yake, mlango wazi, mpaka gauni la njano lilipoingia ndani na basi la nyuma likampigia honi.